Fundi Salamu na Usukani Wake Mwenyewe

Ijumaa ya tarehe thelathini, saa tisa alasiri, Fundi Salamu atavua ovaroli yake ya buluu na kustaafu nayo, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika karakana hii. Miaka ya mwanzo aliitumia kuosha pikipiki na kuziba pancha. Iliyobaki yote amekuwa kwenye benchi lililo karibu na mlango mkubwa, akibadilisha usukani. Wapo wenzetu ambao katika muda huo wamebadilisha kazi, nyumba na hata wachumba. Yeye amebadilisha usukani.

Mkuu wa karakana ameniomba mimi, mtunza stoo ya vipuri, niandike wasifu huu kwa sababu dirisha la stoo linatazamana na benchi lake. Ni kweli. Nimemtazama mtu huyu kuliko nilivyomtazama mke wangu, na mke wangu ameshaligusia jambo hilo.

Wageni hudhani jina la Salamu limetokana na ukarimu. Hapana. Kila asubuhi hupita mbele ya stoo bila kuinua macho, na vijana wakimwamkia shikamoo hujibu kwa mguno ambao sisi wenye uzoefu tumekubaliana kuupokea kama marahaba. Anachosalimiana nacho ni pikipiki, na chanzo chake ni mlango wa meneja.

Zamani hizo usukani ulibadilishwa hapa kama mtu anavyobadili kofia. Unatoa ule, unavika huu, mteja anashukuru na kwenda zake. Siku moja mpiga picha wa harusi alileta usukani aliojinunulia mwenyewe, mrefu, umepinda kwenda juu kama pembe za ng'ombe. Ukafungwa, ukang'aa, ukasifiwa. Kilichosahaulika ni kwamba waya wa mafuta ulikuwa ule ule wa zamani, uliokatwa kwa kipimo cha usukani mfupi. Mpiga picha alipowasha na kukata kona ya kutoka uani, waya ulivutika, injini ikajiongezea mafuta yenyewe, na pikipiki ikaingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi. Hakuna aliyeumia isipokuwa mlango. Meneja wa wakati ule alikuwa kwenye simu, na walioshuhudia wanasema alimaliza mazungumzo kwanza.

Siku ya pili yake mziba pancha wetu, ambaye ndiye huyu Fundi wa leo, alikwenda kwa meneja, akasimama pale palipokuwa na mlango, akatoa sharti lake: hakuna pikipiki itakayotoka humu kabla ya kusalimia. Injini ikiwa inanguruma polepole, usukani uzungushwe kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Sauti ikipanda hata kidogo, waya wa mafuta ni mfupi. Klachi ikikaza, waya wake ni mfupi. Mpira wa breki ukinyooka, nao ni mfupi, na kazi inarudi benchini. Pikipiki inayoondoka bila salamu, alisema, haina adabu, na itakuja kumwaibisha mwenyewe barabarani. Meneja alimhamishia kwenye benchi la usukani wiki ile ile.

Sharti la pili lilikuja baadaye, nalo limewakasirisha wateja wengi zaidi. Mteja akifika na usukani mpya mkononi, Fundi humkalisha juu ya pikipiki yake, humwambia afumbe macho, anyooshe mikono mbele bila kuwaza, kisha aitulize pale inapopenda yenyewe. Hapo ndipo usukani unapotakiwa kuwa. Kama ule alioununua hauwezi kufika hapo, anaambiwa aurudishe alikoutoa. Wateja hubisha. Wana picha kwenye simu zao, wana ndoto zao. Fundi huwajibu neno moja ambalo kila mfanyakazi hapa analijua kwa moyo: "Jicho linataka makuu. Mkono hausemi uongo."

Kinyozi mmoja alibisha kuliko wote. Alitaka usukani wa kufika masikioni, na hakutaka kusikia habari za kufumba macho. Fundi hakugombana naye. Alimpa kiti, akamwomba ashike ile nguzo tunayoning'inizia matairi, mikono juu, amsubiri kidogo anywe chai. Chai ya siku ile ilikuwa ya moto sana. Fundi aliipuliza, akaiweka chini, akasoma gazeti, akairudia. Kabla hajafika nusu ya kikombe, kinyozi alikuwa amechagua usukani wa chini wa kiasi, na ameuchagua mwenyewe. Mpaka leo ndiye anayemnyoa Fundi, na kila wakati humwomba ainue kichwa zaidi kidogo kuliko inavyohitajika.

Kwa upande mwingine yupo muuguzi aliyekuja akiwa ameinama kama anayetafuta sindano, kwa sababu usukani wa pikipiki yake ulimlaza juu ya tangi kila siku kutoka nyumbani hadi wodini. Alibadilishiwa. Alipanda, akakata kona ya uani, akazima injini, akalia. Fundi alidhani amekosea kitu, akaanza kufungua nati upya.

Katika mafanikio yake mengine, lazima nitaje blanketi. Kabla ya kulegeza nati yoyote, Fundi hufunika tangi la mteja ili spana ikiponyoka isikwangue rangi. Blanketi analotumia lina picha za bata, na lilikuwa la mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo sasa ni mhasibu mwenye kitambi, na hapendi habari hii isimuliwe. Nitaje pia sukani zilizotolewa, ambazo wenyewe huziacha. Fundi hakubali zitupwe. Nyumba nyingi za wafanyakazi wa karakana hii zinaanikia taulo juu ya usukani, na kwangu upo mmoja unaoshikilia pazia la sebuleni, swichi ya honi ikiwa bado juu yake.

Sasa nafika kwenye pikipiki yake mwenyewe, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu ndipo penye kisa.

Fundi Salamu ana pikipiki aliyoinunua ujanani, usukani wake mfupi na wa chini, wa kijana anayetaka kukata upepo. Amewabadilishia wenzake wote, akiwemo meneja, akiwemo mlinzi wa getini ambaye ana baiskeli. Wake hakuugusa. Mganga hajigangi. Tulipomuuliza, alisema umeshamzoea.

Pikipiki hiyo ina ahadi juu yake. Mkewe, ambaye ni mshonaji na sisi sote tunamwita shemeji, ana mdogo wake anayeishi mbali, mwendo wa siku mbili kwa barabara. Kila likizo ilipangwa safari ya kwenda kumwona kwa pikipiki, wawili wao tu, na kila likizo ilitokea kazi, au homa ya mtoto, au mvua. Mwishowe wakaafikiana kwamba wataondoka siku ya kustaafu, kutoka hapa hapa karakana, ili Fundi asipate nafasi ya kupita nyumbani na kukumbuka udhuru mwingine. Shemeji alishona mifuko miwili ya turubai ya kuning'iniza nyuma. Mdogo mtu alikwisha kupigiwa simu, na chumba kilikwisha kupakwa rangi.

Mwaka huu bega la kulia la Fundi likaanza kuuma. Hakumwambia mtu. Usukani ule wa chini ulimvuta bega mpaka akawa hafiki hata taa za barabarani za pili bila kusimama na kujitia anaangalia tairi. Baadaye akawa anakuja kwa miguu, na nyumbani akasema pikipiki ni mgonjwa, iko kazini inatengenezwa. Huku kazini alisema anapenda kutembea. Mtu huyu hajawahi kupenda kutembea. Akitaka nati kutoka stoo, hatua chache tu, hunipigia mluzi.

Mwezi uliopita aliisukuma ile pikipiki mpaka kwenye safu ya zinazouzwa, akaning'iniza kibao, akarudi benchini kwake bila kutazama nyuma. Nilimwona kupitia dirishani. Alikaa kitako, akafuta spana moja ile ile kwa muda mrefu, na spana yenyewe ilikuwa safi.

Siku chache baadaye shemeji alikuja dirishani kwangu, ana futi yake ya kitambaa shingoni kama kawaida, akaniuliza ugonjwa gani wa pikipiki usiopona. Sikuwa na habari ya lolote. Nilimjibu kwamba ile pikipiki haina ugonjwa, injini yake ni nzima kabisa, na mnunuzi ataifurahia. Lilikuwa jibu sahihi kiufundi.

Shemeji aliitazama ile safu, akakiona kibao. "Basi shemeji," akaniambia, "kama pikipiki ni nzima, mgonjwa ni mwingine." Kisha akaanza methali, "Mficha maradhi," na hakuimalizia. Aliondoka na kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa karakana.

Jumatatu iliyofuata mkuu alitukusanya sote, akatangaza kwamba kabla Fundi hajaondoka angependa atuonyeshe kwa mara ya mwisho ule utaratibu wa kufumba macho, ili usije ukapotea. Wateja walikuwa hawajafika, kwa hiyo hapakuwa na pikipiki nyingine ya kufundishia isipokuwa zile za kuuzwa. Mkuu akachagua moja. Fundi aliitazama, akatutazama, na nadhani alianza kunusa jambo. Lakini mtu aliyewafumbisha wateja macho miaka yote hiyo hawezi kusema hataki. Alipanda pikipiki yake. Akafumba macho. Akanyoosha mikono mbele, akaiacha itulie.

Ilitulia hewani. Chini yake usukani ulikuwa mbali kabisa, peke yake, kama kitu cha mtu mwingine. Mkono wa kulia haukufika hata kimo cha wa kushoto. Hata kompresa haikunguruma, maana kuna mtu alikuwa ameizima makusudi. Wakati macho yake bado yamefumbwa, shemeji alitoka nyuma ya matairi, akavua futi shingoni, akapima kutoka vifundo vya mikono mpaka kwenye tangi, na kutoka kifuani mpaka kwenye ngumi, kama anavyompima bwana harusi. Fundi alipofumbua macho alimkuta mkewe ana pini mbili mdomoni. Pini hazikuwa na kazi yoyote pale, bali ni mazoea.

"Mkono hausemi uongo," shemeji alisema bila kuzitoa.

Fundi aliinamisha kichwa. Akasema bega linamuuma tangu msimu wa baridi, na aliona afadhali kuuza pikipiki kuliko kumwambia mkewe njiani kwamba wageuze. Alisema hivyo mbele yetu sote. Yeye aliyekuwa akiguna tu. Shemeji alimpangusa vumbi begani, lile bega lenyewe, akamwambia kwamba wangegeuza, ingekuwa nini? Wangegeuza pamoja.

Vipimo vililetwa dirishani kwangu. Upo usukani mmoja kwenye rafu ya juu ambao ulikaa miaka bila mteja, si mrefu wala mfupi, umerudi nyuma kidogo kama mikono ya mtu anayepokea mzigo. Ulilingana. Sote tulijitolea kuufunga, na Fundi alitufukuza wote. Alitandika blanketi la bata juu ya tangi lake, kwa mara ya kwanza. Alitoa vioo, swichi, mikono ya breki na ya klachi, akatoboa tundu dogo la kushikia swichi isizunguke, akabana nati za mbele kwanza na za nyuma baadaye. Alifanya kazi bila kuinua uso.

Alipomaliza alifunga kisanduku cha spana, akawasha injini, akaelekeza gurudumu mlangoni. Jamani, alitaka kuondoka hivi hivi. Sisi tulisimama tukitazamana, maana nani atamwambia Fundi Salamu kwamba hajasalimia?

Shemeji ndiye aliyeshika usukani. Akauzungusha kushoto mpaka mwisho, kimya. Akauzungusha kulia, na injini ikapiga kelele. Waya wa mafuta ulikuwa ule wa zamani. Kwa aibu na haraka, bingwa wetu alikuwa amerudia kosa lile lile lililouvunja mlango wa meneja, na meneja wa sasa, nilimwona, alisogea hatua moja kutoka kwenye mlango wake.

Fundi alizima injini. Akakitazama kile kidole cha mkewe kilichokuwa kinaonyesha waya, kisha akacheka. Nimekaa mbele ya benchi lake miaka yote hii, na sikujua kwamba ana pengo upande wa kushoto. Nilimpelekea waya mrefu kwa miguu yangu mwenyewe, bila kupigiwa mluzi. Kibao cha kuuza kimeondolewa, na nasikia kimetiwa ndani ya mmoja wa ile mifuko ya turubai, kwa ajili ya kukalia njiani pakiwa na umande.

Fundi, tunakushukuru kwa kila kona tuliyoikata salama bila kujua kwamba ni wewe uliyeihakikisha. Tutakukumbuka tukianika taulo. Bega lako lipate nafuu, barabara iwe nyepesi, na huko uendako ukutane na chai isiyopoa. Maisha yako yawe mema, wewe na shemeji yetu.

Wafanyakazi wote mnaombwa kuwa mlangoni saa tisa, nusu upande wa kushoto na nusu upande wa kulia. Fundi amesema hatatoa hotuba. Ameahidi tu kwamba kabla ya kutoka, mkewe akiwa nyuma yake, atazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, na safari hii atainua macho.