Gari la Wanawake Kumi na Wawili

Mchungaji, ndugu, na majirani wa Pennick mliofika licha ya barafu hii, familia imenituma mimi, Dorcas, binti wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yetu Keturah Hageman, na wanaonong'ona huko nyuma kwamba kazi hii ilikuwa ya mwanamume, nawajulisha kwamba kaka yake amekufa, mumewe amekufa, na marehemu mwenyewe alilitaja jina langu mbele ya mashahidi wawili, kwa hiyo vumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1752, hapa hapa kando ya mto Millstone, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Abraham Dumont, akasoma kwa mjane mmoja wa kijiji aliyewafundisha wasichana kusoma tu, kuandika hapana, kwa madai kwamba msichana hana wa kumwandikia. Kuandika alifundishwa na kaka yake, yaani baba yangu, kwa sharti la kumfulia soksi majira yote ya baridi ya mwaka 1763, na baba alikuwa akikiri kwamba zilikuwa soksi chafu kweli kweli.

Tarehe 14 Januari 1773 alifunga ndoa na Rulof Hageman, mkulima wa matufaha, wakajaliwa mtoto mmoja, Aert. Miaka ile hapakuwa na meza isiyo na hoja, haki za mtu, dhuluma za mfalme, hakuna kodi pasipo mwakilishi, wanaume wakaapa kutogusa chai ya Waingereza kisha wakarudi kwenye pombe yao ya matufaha, waliokaa bila chai ni wanawake, ambao hakuna aliyewauliza. Aert alifariki Januari 1777 kwa kuhara damu iliyoletwa na askari waliolala ghalani wakati wa vita dhidi ya mfalme, tena askari wa upande wetu, na Rulof akaanguka vitani Monmouth tarehe 28 Juni 1778, hakuguswa na risasi, aliuawa na jua. Waliomletea habari walimwambia amekufa kwa ajili ya uhuru, naye akawauliza uhuru wa nani, wakadhani ni majonzi yanayosema.

Tangu hapo aliendesha shamba na shinikizo la kukamulia matufaha kwa miaka arobaini, peke yake. Katiba ya New Jersey ya mwaka 1776 ilisema kila mkazi mtu mzima mwenye mali ya pauni hamsini apige kura, haikusema mwanamume, na kama walisahau au walikusudia, waheshimiwa wanabishana mpaka leo, shangazi hakungoja wamalize. Kila Oktoba alivaa kofia yake nyeusi ya kanisani, akaenda kwenye meza ya kura pale kwenye kilabu cha pombe, akatia karatasi yake na kurudi kukamua matufaha. Ila ruhusa hiyo ilikuwa ya wajane na wasioolewa tu, maana mwanamke akishaolewa kila alicho nacho ni cha mumewe, hadi kijiko.

Mwaka 1795 alichumbiwa na Bwana Joost Terhune, fundi wa magurudumu, mjane pia, yule aliyekaa pale mlangoni kofia magotini. Alimpenda, nayasema haya kwa kuwa aliniruhusu kuyasema, alimpenda sana, lakini alimjibu, "Siku nitakayoolewa nawe, Joost, kura yangu nayo itaolewa, na haitarudi nyumbani." Wakakubaliana kwamba Joost agombee Bunge la Trenton, huko ashughulikie sheria ili mke naye abaki na mali yake na kura yake, kisha waoane. Aligombea mara mbili akashindwa. Jumanne tarehe 13 Oktoba 1807 shangazi alifunga farasi wawili kwenye gari la matufaha, akapita nyumba kwa nyumba akiwapakia wajane na mabinti wakubwa kumi na mmoja, akiwemo Bi Sukey, mfua nguo mweusi aliyejinunulia uhuru wake na nyumba yake, akawafikisha wote mezani, na Joost akashinda kwa kura tisa. Mwenye kujua hesabu ameshaelewa nani alimpeleka Trenton.

Katika mwaka huo huo, kwenye wilaya moja ambayo sitaitaja, wanaume walivaa magauni ya wake zao ili wapige kura mara ya pili, na Bunge, likitaka kukomesha wizi, liliwaacha wezi likawaadhibu wenye magauni. Tarehe 16 Novemba ilipitishwa sheria kwamba kura ni ya mwanamume mweupe mlipa kodi, basi, na miongoni mwa mikono iliyoinuliwa ulikuwamo wa Bwana Joost. Ameeleza mwenyewe kwamba sheria ingepita tu, na kwamba aliona kura ya shangazi ndiyo jiwe lililokwamisha gurudumu la ndoa yao, akaona aliondoe. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuja moja kwa moja na pete mfukoni, akasimama kizingitini, akasema, "Keturah, sasa hakuna kinachotutenganisha."

"Hakikuwepo, Joost," akamjibu. "Sasa kipo. Ni mkono wako."

Akafunga mlango. Kwenye daftari la kura walimfuta, kwenye daftari la kodi wakamwacha, akaendelea kulipa kodi miaka kumi na mmoja, na kila Oktoba aliivaa kofia ile, akaenda mezani, akakataliwa, akarudi.

Alianza kuvimba miguu mwezi wa Novemba uliopita, maji yakapanda hadi kifuani. Wiki moja kabla ya mwisho alimruhusu Bwana Joost kuingia, mimi nikiwepo, na mzee akamwomba msamaha huku akilia. Shangazi akamshika ule mkono. "Mimi nimeshakusamehe zamani," alisema. "Lakini tulikuwa kumi na wawili kwenye gari lile." Alifariki Alhamisi tarehe 4 Februari 1819, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inamshukuru daktari aliyevuka mto mara tano bila kuchoka, majirani walioleta kuni na mikate, vibarua wa shinikizo waliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda kama chuma, na Bwana Joost aliyetengeneza jeneza hili bila kuombwa, ni jeneza zuri, hatuna la kusema. Kwa agizo la marehemu halitabebwa na wanaume, litakwenda kwenye gari lile lile la matufaha, na watakaopanda nalo ni wanne waliobaki kati ya wale kumi na mmoja, Bi Sukey akishika hatamu. Wako benchi la mbele, Bwana Joost, na nafasi ya kuwauliza kama nao wamekusamehe ni sasa kabla gari halijaondoka.

Pumzika kwa amani, shangazi. Huko uendako tumeambiwa hakuna kuoa wala kuolewa, hawatapata kisingizio cha kukunyima kura.