Wasifu wa Mzee Kavu na Magauni Sita ya Kwaya

Marehemu, ambaye mtaani, gereji na hata kliniki aliitwa Mzee Kavu, alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Juni 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa karani wa mizigo hapo stesheni, na mama yake alikuwa dobi wa hospitali. Kabla ya kuendelea, ielezwe kwamba marehemu mwenyewe aliagiza wasifu huu usiwe wa kumsifu tu. Lipo kosa alilomtendea binti yake mbele ya watu, na alitaka lisahihishwe mbele ya watu. Litasomwa mahali pake.

Tangu akiwa na miaka sita, kazi yake nyumbani ilikuwa kumshikia mama ncha za mashuka wakati wa kukunja. Mama alipitisha kwanza mgongo wa mkono kwenye pindo, kwa sababu kiganja cha dobi, alisema, kimezoea maji na hudanganya. Shuka lililokauka katikati tu lilirudi kwenye kamba. "Unyevu hauna haraka, mwanangu," alimwambia. "Utakungoja kabatini hata wiki nzima."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila alidumu miaka minne kuwa mfutaji wa ubao, kwa sababu mwalimu wa hesabu alikataa kumbadilisha. Alisema ubao ukifutwa na huyu, mtu angedhani hakuna aliyewahi kukosea pale. Mwaka 1971 alijiunga na sekondari, akafika kidato cha pili. Baba yake alipofariki, Novemba 1972, aliacha shule ili wadogo zake wawili wasiache.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuosha magari katika gereji ya kampuni ya kusafirisha nafaka. Alikaa huko miaka kumi na mitano. Tarehe 11 Septemba 1989 alifungua uwanja wake mwenyewe, kando ya barabara, ubavuni mwa fundi wa matairi. Kibao chake kilikuwa na maneno mawili: TUNAOSHA. TUNAKAUSHA.

"Kwani wengine hawakaushi?" mteja wa kwanza alimtania.

"Wengine wanaliachia jua," marehemu akamjibu. "Na jua linakunywa maji, chokaa linakuachia wewe."

Walioleta magari pale wanaijua kazi yake. Suuza ya mwisho aliifanya kwa mpira wa maji usio na kichwa cha kunyunyizia, maji yateremke kwa pamoja kama shuka na kuondoka na matone. Gari lilisukumwa kivulini. Taulo lililokamuliwa lilitandazwa juu ya paa, likavutwa taratibu kuelekea kwake, bila kusugua. Kisha vioo, boneti, milango, kutoka juu kwenda chini. Magurudumu yalikuwa na kitambaa chake, na ole wako ukikichanganya na vingine. Kitambaa kilichoanguka chini hakikurudi kwenye rangi ya gari siku hiyo, hata kama kiliangukia sakafu safi. "Kimekufa hicho," alisema. "Kina mchanga usiouona." Baada ya hapo alifungua kila mlango, akafuta kingo na mipira yake, kifuniko cha tangi, nyuma ya vioo vya pembeni ambako maji hujificha, na mfereji unaozunguka mdomo wa buti. Aliliendesha gari polepole kuzunguka uwanja akigusa breki mara tano au sita ili nazo zikauke, akarudi, akafuta matone yaliyotoka mafichoni. Mwisho kabisa alipitisha mgongo wa mkono kwenye pindo zote na kutamka neno moja, "Kavu," ndipo alipotoa ufunguo. Jina lake lilitoka hapo. Mwenye haraka alipolalamika, alimpa kiti.

Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1982, alifunga ndoa na karani wa duka la dawa, ambaye leo ni mjane wake. Walijaliwa watoto watatu. Mama huyo anasimulia kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa, marehemu alifuta sahani hadi maua yakaanza kufifia. Wifi zake walipomuuliza anaendeleaje na mume, aliwaambia, "Mimi sijaolewa na mtu, nimeolewa na taulo." Ila aliongeza kwamba katika miaka arobaini hakuwahi kuvaa nguo yenye harufu ya uvundo, na si kila mke anaweza kusema hivyo.

Binti wa kati aliingia uwanjani mwaka 2008, baada ya kumaliza kidato cha nne. Alikuwa na jicho la baba na mkono wa bibi yake. Wateja walimzoea, baadhi wakamwita Kavu Mdogo. Hata hivyo ukaguzi wa mwisho ulibaki kwa mzee, na gari alilokausha binti lilikaushwa tena. "Baba, hapo nimeshapita." "Najua. Napita kukusalimia." Walikuwa wakicheka.

Ugonjwa wa kisukari uligunduliwa Mei 2013. Kufikia mwaka 2017 vidole vyake vilianza kufa ganzi, baadaye mgongo wa mkono pia. Hakumwambia mtu. Mwanamume ambaye neno lake lote lilitoka kwenye ngozi ya mkono hakujua angebaki na nini akisema mkono hausikii tena.

Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019, fundi cherehani wa mtaa wa pili alileta gari lake dogo jeupe lioshwe. Alikuwa anapeleka magauni sita ya kwaya, ya hariri nyepesi. Binti alilikausha, akaitwa kumpokea mteja mwingine, na aliporudi akamkuta baba anamalizia. Alimwambia, "Baba, buti bado. Mfereji una maji." Mzee akapitisha mkono, akasema, "Kavu." Binti akarudia. Mzee akasema tena, "Kavu," safari hii kwa sauti ya kufunga mjadala, akatoa ufunguo. Fundi alipanga magauni kwenye buti. Alipofika kwa wanakwaya na kuinua mlango wa buti, maji yaliyotikiswa mferejini na mwendo wa gari yalimwagika yote juu ya hariri, na hariri haisamehe maji. Alilazimika kuyashona upya yote sita.

Jumatatu alirudi uwanjani. Palikuwa na wateja wanne na fundi wa matairi.

"Kavu, nani alikausha gari langu?"

Binti alimtazama baba yake, akingoja.

"Vijana hawa, mama," mzee akasema hatimaye. "Tutamwelekeza."

Binti alikikunja kitambaa chake, akakiweka juu ya benchi, akaondoka. Alijaribu kazi katika viwanja viwili vingine vya kuosha magari, na kote aliulizwa, "Si wewe uliyelowesha magauni ya watu?" Akaishia kujaza mafuta katika kituo kilicho karibu na mzunguko wa barabara. Nyumbani alikuja kumwona mama yake siku ambazo baba hakuwepo. Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi kumi na saba.

Tarehe 7 Julai 2020 marehemu alishika birika la moto na hakushtuka. Mama alimpeleka kliniki. Muuguzi alimwambia afumbe macho na aseme kila anapoguswa na sindano kwenye vidole.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia vizuri kabisa."

"Mzee wangu," muuguzi akasema, "sijakugusa bado."

Walirudi pamoja hadi getini. Hapo mama akauliza, "Kwa hiyo yale magauni?"

"Ni mimi."

"Mtoto anajua?"

"Alijua siku ile ile."

"Mficha maradhi wewe," mama akasema. "Tena umeyaficha nyuma ya mtoto wako." Alimfungulia geti, ila chakula cha jioni hiyo marehemu alijipakulia mwenyewe.

Kesho yake alikwenda kwa miguu hadi kituo cha mafuta, akapanga foleni katikati ya magari. Zamu yake ilipofika, binti alisema, "Baba, hapa hairuhusiwi kusimama bila gari."

"Buti lilikuwa na maji. Uliniambia."

"Nilikuambia mara mbili."

"Mara mbili," mzee akakubali. "Nisamehe, mwanangu."

Gari la nyuma likapiga honi. Binti alifuta mikono kwenye aproni yake. "Kuniambia mimi kunasaidia nini? Mimi nilikuwepo. Kawaambie waliokusikia."

Marehemu alianza siku hiyo hiyo. Kwa fundi cherehani alikaa saa nzima. Fundi alimsikiliza huku mguu uko kwenye cherehani, kisha akamuuliza, "Miezi kumi na saba ulikuwa unangoja nini?" Kutoka hapo marehemu alimwambia fundi wa matairi. Aliwatafuta wateja wanne, akawapata wawili. Alikwenda kwenye viwanja viwili vilivyomkatalia binti, na kimojawapo walimcheka. Lakini maneno yalikuwa yamekwenda mbali kuliko miguu yake.

Agosti 2020 binti alirudi uwanjani kwa sharti moja: neno la mwisho liwe lake. Marehemu hakubishana. Waliopita pale miaka mitatu iliyofuata walimkuta kwenye kiti chake, ila amekigeuza, uso barabarani, mgongo kwenye magari. Fundi wa matairi aliwahi kumuuliza, "Mzee, mbona kazi umeipa kisogo?"

"Ina mwenyewe," akajibu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alilazwa mara tatu. Wauguzi wa wodi namba nne walimtunza vizuri, na familia inawashukuru. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 16 Novemba 2023, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 67, mama akiwa kando yake.

Wiki mbili kabla ya hapo alitamka maneno haya, yakaandikwa, akasomewa, akayasahihisha sehemu moja. Alisema siku ya kuzikwa wateja wake watakuwa wamekusanyika, na yeye hatakuwa na uwezo wa kujitetea, kwa hiyo ndiyo siku nzuri. Yanasomwa kama yalivyo:

"Tarehe 9 Februari 2019 nilitoa gari lenye maji kwenye buti. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa na nilijua. Binti yangu aliniambia, sikumsikiliza. Tarehe 11 niliulizwa ni nani, nikamtoa yeye. Hakukosea siku ile, wala sikumbuki siku aliyokosea. Kama ulisikia kwamba ni yeye, uliusikia uongo wangu. Na kama ulimpelekea mtu mwingine habari hiyo, nakuomba ukitoka hapa umfuate ukamwambie, kwa sababu mimi siwezi tena."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na wadogo zake wawili aliowasomesha. Uwanja utafunguliwa Jumatatu saa moja asubuhi, na wa kuulizwa ni binti wa kati.

Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani.