Kikosi cha Mtoni na Daraja Lililovunjika

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi, Kamanda wetu, wageni mliofuatana naye:

Sisi askari thelathini na wanane wa Kikosi cha Mtoni tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Viti ni vitatu. Watakaosimama watuwie radhi.

HISTORIA FUPI
Tuliletwa hapa kulinda daraja kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa kumi na tisa. Kamanda, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, amezipiga akaona kila mmoja wetu ametengewa maadui mia mbili na kumi, na kifaru kimoja na nusu.

MAFANIKIO
Mheshimiwa, redio ilitangaza kwamba siku ya mashambulizi hatukurudi nyuma hata hatua moja. Ni kweli. Amri ya kurudi nyuma ilitoka asubuhi, ila lori halikuwaka. Vifaru vilitukuta bado tunasukuma.

Kamanda akamtuma Koplo, fundi mwashi kabla ya jeshi, aende na fulana nyeupe kuulizia masharti ya kusalimu amri. Dereva wa kifaru cha kwanza alimwahi kwa swali: je, daraja litahimili? Koplo anauheshimu ufundi wake. Akamjibu, "Ndugu yangu, usipite. Hili lilijengwa kwa ajili ya mikokoteni, na nguzo ya kati imeliwa na maji."

Mkubwa wa dereva akacheka, akasema adui akikukataza njia, hiyo ndiyo njia. Wakapita, kifaru cha pili kikikifuata cha kwanza kama mkia. Daraja likaenda na vyote viwili. Koplo alikaa chini akasikitika, maana aliwaonya.

Tuliwaopoa watu saba, wote hai. Wenzao wamepiga kambi ng'ambo, wanatutazama.

CHANGAMOTO
Mateka ni saba, blanketi za akiba nne. Yule dereva ametutengenezea lori, na sasa linawaka vizuri, jambo ambalo Kamanda alituomba tusilitaje. Dereva huyo, mama yake hajui kama yu hai. Kila siku anatuuliza kama barua yake imekwenda, nasi tunamjibu iko njiani. Iko jikoni, chini ya kopo la chumvi.

MAOMBI
Tunaomba uichukue barua hiyo leo.

Tunaomba watu wa kutupokea zamu. Mwenzetu mmoja ana mwana anayekimbia sasa, na hakuwahi kumwona akitambaa.

Mwisho, tumeliona jiwe la msingi ulilokuja nalo. Ni zuri, na jina lako limechongwa likasomeka. Tumeambiwa daraja jipya litakuwa la zege, pana, la kubeba tani mia. Tunashukuru mno. Ila kwa heshima na taadhima, tunaomba lisianze kujengwa mpaka wale jamaa wa ng'ambo warudi kwao.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na awarudishie akina mama wa pande zote mbili watoto wao.

Ni sisi, Kikosi cha Mtoni.
Imesomwa na mpishi wa kikosi, kwa niaba ya wenzake.