Utepe wa Lango la Mashariki

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Balozi,

Umetukuta tunagombana. Uliposhuka garini ulimwona mama mwenye kanga ya zambarau akimnyooshea kidole Bwana Aristides, msimamizi wa ukarabati. Yule ni mwenzetu, Bi Sitara Nassibu. Hakuwa anakusema wewe. Nusu ya risala hii tumeiongeza kwa kalamu sasa hivi, kwa sababu ya ugomvi huo.

KARIBU

Karibu uwanjani kwetu, hatua chache tu kutoka sokoni Kariakoo. Sisi ni wanawake kumi na tisa tunaofagia majukwaa na kuosha vyoo. Tunamwomba mkalimani wako asiruke kitu.

TULIKOTOKA

Miaka kumi na minane iliyopita, siku ya mechi, watu walishtuka na jukwaa zima la mashariki likakimbilia lango moja. Lango lilikuwa na kufuli. Bi Sitara alikuwa upande wa nje na ufagio wake. Kelele amezisahau. Anachokumbuka ni vidole vilivyopenya kwenye nafasi za nondo, vikimshika gauni. Hakufa mtu, ila mdogo wake, Shamsa, alivunjika mbavu, na mpaka leo hapandi jukwaani.

Tangu hapo ufunguo huning'inia shingoni mwa Bi Sitara kwa kamba ya kiatu. Kabla mtu wa kwanza hajaingia, yeye hufungua lango na kuweka tofali lisijifunge. Hakuna barua inayomwagiza. Mameneja watano wamepita, wote wakamwachia. Hata kufuli jipya lilipokuja juzi, aliyesaini kupokea ufunguo ni yeye.

TULICHOPATA

Kwa msaada wa wananchi wa nchi yako tumepata viti, taa, na paa la bati juu ya jukwaa. Hatubebi tena ndoo. Choo cha wanawake kina mlango unaofunga; kwa hilo peke yake tunakushukuru sana.

KINACHOTUTISHA

Leo lango la mashariki limefungwa. Ratiba inasema utakata utepe baada ya hotuba, na utepe umefungwa pale, chini ya kibao chenye bendera yako. Ndani wamekaa wanafunzi elfu mbili tangu saa mbili asubuhi. Najma, binti wa Bi Sitara, darasa la nne, yuko safu ya juu kabisa.

Mawingu yanatoka upande wa bandari. Bati lile likipigwa na mvua lina kishindo kikubwa, sisi tumekisikia. Watoto hawajakisikia.

Bi Sitara aliomba lango lifunguliwe. Bwana Aristides alimuuliza kwa upole, likifunguliwa, mgeni atakata nini.

"Ni saa moja tu, mama. Usiniaibishe mbele ya wafadhili."

"Saa moja," alisema Bi Sitara. "Wangu yuko kule juu. Wako yuko wapi?"

Bwana Aristides aliangalia mkasi kwenye sinia.

Bi Sitara tumemwona akiua nyoka chooni kwa ndala. Leo kila akiangalia lango anajishika gauni.

OMBI

Tulikuwa na maombi matatu: glavu, mikataba ya kazi, na chumba cha kubadilishia nguo. Tumeyafuta. Limebaki moja, kwamba lango lisifungwe watu wakiwa ndani. Hata kwa ajili yako.

TULICHOAMUA

Risala hii tumeipima kwa saa. Kufika mstari huu ni dakika sita. Kutoka vitini kwetu mpaka langoni ni dakika nne. Ukigeuka utaona viti kumi na vinane vitupu.

Lango liko wazi, Mheshimiwa. Tofali liko mahali pake. Wenzetu wamesimama kwenye ngazi, mmoja kila safu, ili mvua ikija watoto washuke kwa mstari. Bi Sitara yuko ngazi ya juu.

Utepe hatukuukata. Tumefungua fundo la upande mmoja, na mwenzetu Candida ameushika mkononi anakusubiri. Njoo uukate lango likiwa wazi.

Mungu awateremshe salama walioko juu, akulinde wewe, na awabariki waliokutuma.

Ni sisi, Kikundi cha Wanawake wa Usafi, Jukwaa la Mashariki.

Imesomwa na Joyceline Tarsis, katibu, ambaye sasa anaomba ruhusa awafuate wenzake.