Jino Alilolirudisha Daktari Koleo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Mwenye mtoto anayelia ampe kitu mkononi. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimfumbulia midomo yenu, mpende msipende.

Tunamkumbuka daktari wa meno wa ghorofa ya kwanza, kule kwenye ngazi za kijani, juu ya duka la vitambaa. Jina lake la kwenye cheti tunalijua wachache. Sote tulimwita Daktari Koleo. Alifariki Jumanne iliyopita asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Daktari Koleo, miaka sabini na mmoja, kiatu kimoja mguuni.

Kama aliwahi kukung'oa jino, unakikumbuka kile kioo. Kabla ya koleo kilikuja kioo. "Gusa jino linalouma." Unagusa. "Hili?" Hilo. "Gusa tena." Mara tatu. Hata shavu likiwa limevimba kama mpira, mara tatu. Nyumbani kwake mambo yalikuwa yale yale. Binti yake ameniambia, "Ukimwomba baba chumvi mezani, anauliza, 'Hii?' Na chumvi ilikuwa moja tu."

Watu walidhani ni vituko vya uzee. Havikuwa vituko, wasikilizaji wapendwa. Kulikuwa na jino.

Turudi nyuma. Daktari Koleo ana miaka thelathini na miwili, amemwoa muuguzi wake, ndoa haijamaliza mwaka. Bibi arusi anaumwa jino la juu, la pili kutoka katikati, upande wa kulia. Sasa nisikilizeni. Daktari wa meno akisimama mbele yako, kulia kwako ni kushoto kwake. Huyu alishazoea kugeuza hivyo kichwani. Siku ile balbu ya taa ya kiti ikaungua, akahamia nyuma ya kichwa cha mkewe ili apate mwanga wa dirisha. Alihama yeye. Mazoea yake yakabaki kule mbele.

Akang'oa la kushoto. Jino zima, jeupe, lisilo na kosa lolote.

Mkewe akasubiri kidogo, pamba mdomoni. Kisha akasema, "Mume wangu, bado linauma."

Lile bovu alikwenda kuzibiwa kwa daktari mwingine, mtaa wa pili, na lipo mpaka leo. Zima limeondoka, bovu limebaki. Daktari Koleo alimtengenezea jino la bandia la kuvaa na kuvua. Likamtoka kwenye mahafali ya dada yake, katikati ya chafya, likamwangukia mgeni rasmi kwenye karatasi za hotuba. Hakulivaa tena. Tangu siku hiyo alicheka kwa kuziba mdomo na kiganja. Akaendelea kufanya kazi na mumewe, akimpa koleo, akimpa pamba, kila siku ya kazi. Ila kwenye kile kiti hakukaa tena. Miaka thelathini na mmoja. Narudia: thelathini na mmoja.

Alipofika miaka sitini na mitatu, ikaja barua. Bila mafunzo endelevu, leseni yake haitahuishwa. Alifoka siku mbili. "Meno ya watu hayajabadilika tangu nianze kazi!"

"Meno hayajabadilika," mkewe akamjibu, "kwa hiyo nenda kabadilike wewe."

Kwenye barua kulikuwa na orodha ya kozi. Akaisoma huku amekunja uso. Mwishoni kabisa kulikuwa na vipandikizi. Kwa tusiojua: unapandikizwa skrubu ndogo ya titaniamu ndani ya mfupa wa taya, inaachwa miezi ishikamane na mfupa, kisha juu yake linafungwa jino. Halivuliwi. Halichomoki kwa chafya. Daktari Koleo akavaa miwani, akasoma tena mstari huo. Hakumwambia mtu kitu. Akajiandikisha.

Darasani alikuwa mzee kuliko projekta, kuliko meza, kuliko wote. Mkufunzi akaingia, mwanamke kijana mwenye koti lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akamtazama yule mzee, akatabasamu. "Shikamoo, Daktari. Kidole kimepona?"

Kumbe ndiye aliyemng'ata zamani, akiwa mtoto wa miaka saba, wakati wa kung'olewa jino la utoto, akamwachia kovu kwenye kidole cha shahada. Sasa ndiye mwalimu.

"Marahaba," akajibu mzee, akaficha mkono chini ya meza.

Siku ya vitendo kila mmoja alipewa taya la plastiki na keekee. Mtu aliyezoea kuvuta kwa nguvu zote, ukimpa keekee ya kwenda milimita kumi, unategemea nini? Alitoboa taya, akatoboa na meza.

"Daktari," mkufunzi akasema taratibu, "meza haina meno."

"Mwanangu, miaka thelathini na minane nimekuwa nikitoa. Leo ndiyo naambiwa nirudishe. Nipe taya lingine."

Akahamishia mazoezi nyumbani, kwenye mifupa ya ng'ombe kutoka buchani. Jumapili moja mkewe akachota supu, kijiko kikagonga kitu. Skrubu.

"Baba watoto, hii supu ni ya kunywa au ya kufungia milango?"

Hapo ndipo alipolazimika kusema. Kozi ilitaka kila mwanafunzi alete mgonjwa mmoja, amhudumie mbele ya mkufunzi. Bila mgonjwa hakuna cheti. Wagonjwa wangepatikana, lakini yeye alimtaka mmoja.

Mkewe akaweka kijiko chini. "Umeshapandikiza watu wangapi?"

"Meza moja."

Mkewe akakichukua kijiko, akaendelea na supu. Siku ya nne, akiwa anampa pamba kazini, akasema, "Nitakaa. Lakini ukihamia nyuma, nashuka."

Siku ilipofika, mkewe, mama yetu, alitokea akiwa amechora mshale mkubwa shavuni kwa kalamu ya wino, umeelekea kwenye pengo. Pembeni ya mshale ameandika: HAPA. Alipita nao barabara nzima, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Daktari Koleo alikuwa na cheti cha zamani ukutani na miaka yote ile mikononi. Akachukua kioo. "Gusa."

"Niguse nini, hapa hakuna kitu!"

"Gusa."

Akagusa pengo. Mara tatu. Mkufunzi amesimama pembeni, macho kwenye keekee. Daktari Koleo akasimama mbele, taa ikawaka, ganzi ikaingia. Akashuka milimita kumi. Akasimama hapo hapo.

Kisha kusubiri. Mfupa haukimbizwi. Kila asubuhi aliuliza, "Limeshika?" Kila asubuhi mkewe alijibu, "Niache ninywe chai."

Mwezi wa sita akafunga jino. Akampa kioo. Mama akajitazama, akaanza kucheka, na kiganja kikapanda mdomoni chenyewe. Mumewe akakishika, akakishusha. Halafu kwa ujinga wake akanyoosha kidole kuhakikisha jino limekaza. Mkewe akaking'ata.

"Limeshika," akasema mama.

Hilo ndilo kovu la pili. Mkufunzi alitia saini karatasi akiwa amegeukia dirishani, mabega yakicheka.

Baada ya hapo alifanya kazi miaka minane, na alipanda meno mengi kuliko ninayoweza kuyataja. Kile kioo hakukiacha. Leseni yake ni hai mpaka Desemba. Ni mwenyewe tu aliyetuacha.

Ijumaa nilikwenda kuwapa pole. Sebule imejaa, viatu mlangoni, watu wanalia. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananisimulia habari ya ile meza iliyotobolewa. Alipofika pale kwenye "meza haina meno" akacheka, machozi yanamtoka, anacheka tu, na meno yote yanaonekana. Nikamtazama mikono. Ilikuwa imelala mapajani, yote miwili.

Kwako mama, kwa binti yenu, kwako mkufunzi na wote mliofanya naye kazi kwenye ngazi za kijani: poleni sana. Kituo chetu kizima kinalia pamoja nanyi, na tunawaruhusu mcheke.

Na wewe unayenisikiliza, unayesema umri umekwenda, huwezi tena kujifunza. Kuna kitu ulikiharibu zamani, unakijua, na uliyemharibia yuko hapo hapo nyumbani anakupa chai. Kaa kimya dakika moja umkumbuke Daktari Koleo. Ukimaliza, nyanyuka.