Bi Toa-Tuone Akabidhi Funguo za Kitengo cha Leseni

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mkuu wa Kitengo cha Leseni za Malipo ya Kidijitali atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kuanzia walinzi hadi Mkurugenzi, sote tunamwita Bi Toa-Tuone.

Alianza katika chumba cha hundi, ghorofa ya chini, ambako feni ilizunguka pale tu ilipotaka. Malipo ya simu yalipoingia, wengi tuliyaona ni upepo wa kupita. Yeye akaomba kuhamia kitengo kipya chenye meza mbili na simu isiyolia. Tulimcheka. Haukupita muda tukawa tunamfuata atufundishe.

Jina lake lilizaliwa asubuhi moja, kwenye duka la kuta za vioo lililokuwa likiuza sarafu za kidijitali bila leseni. Aliyesimama mlangoni kukaribisha wateja alikuwa mdogo wake wa kiume, tumbo moja. Dada mtu alikuwa amemwonya mara nyingi, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Siku hiyo dada alifika na amri ya kufunga, mimi nikiwa nyuma yake, na wateja walikuwa wamewaka.

"Serikali haitaki tutajirike!" alifoka fundi cherehani mmoja.

Bi Toa-Tuone hakupandisha sauti. "Baba, sijaja kugombana. Toa kidogo tu katika hela zako, sasa hivi, tuone."

Fundi akabonyeza simu. Ikamjibu asubiri. Akajaribu jirani yake, asubiri. Akajaribu mama mwenye mtoto mgongoni, naye asubiri. Fundi akamgeukia yule wa mlangoni. "Kijana, si ulituambia ni dakika moja?"

Kijana akatupisha mlangoni. Duka likafungwa.

Wateja wengi walirudishiwa fedha zao kupitia mahakama. Wengine, tuseme ukweli, hawajapata kitu mpaka leo, na jambo hilo bado linamkereketa. Ndilo lililomfanya aipiganie kanuni tunayoitumia sasa: hakuna kuuza sarafu ya kidijitali mpaka mkaguzi ashuhudie mteja akitoa fedha zake. Wenye makampuni walileta maneno, wakaleta vitisho, mwishowe wakaleta zawadi. Zawadi zilirudi hata hazijafunguliwa.

Nyumbani ilikuwa kazi nyingine. Mdogo wake alikata mguu kwake kwa muda mrefu, mpaka siku alipoibuka dirishani kwetu kuomba leseni ya uwakala wa malipo. Dada mtu akainuka kwenye kiti. "Huyu damu yangu. Mhudumieni nyinyi, na msimwonee haya."

Hatukumwonea haya. Nililirudisha ombi lake mara mbili, nikiogopa kukutana macho na bosi wangu. Lilipopita, Bi Toa-Tuone, aliyekuwa amejifanya anasoma mafaili, alimfuata mdogo wake kwenye ngazi. Tuliwasikia wakicheka mpaka chini.

Dada yetu, asante kwa kutufunza kusema hapana bila kumtukana mtu. Tunakuombea afya tele, usingizi mnono na wajukuu wasumbufu. Wauza ndoto watakaodhani umeondoka na msimamo wako, waache waje. Watatukuta.