Mama Kadibodi na Bibi wa Kiberiti

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukata, kubandika na kutugombeza, fundi wetu wa mifano ya nyumba anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri. Saa kumi na dakika moja, naapa, bado atakuwa anauliza nani kaficha mkasi wake.

Jina lake halisi liko kwenye faili la utumishi. Sisi tunamwita Mama Kadibodi. Alianza hapa kama mfagizi, akiokota mabaki ya kadibodi chini ya meza zetu na kwenda kuwajengea wanawe vijumba. Siku moja alimletea msanifu mkuu kijumba chenye paa linalofunguka kama kifuniko cha sufuria. Wiki iliyofuata akapewa meza, taa na kisu. Tangu hapo hakuna nyumba ya ajabu iliyotoka ofisi hii bila kupita mikononi mwake: nyumba ya chupa, nyumba ya mianzi iliyopinda, na ile ya duara ambayo mwenye nyumba hakujua kabati alisimamishe wapi.

Sheria yake ni moja. Kila mfano lazima utembelewe na Bibi. Bibi ni kikaragosi cha waya wa shaba, mgongo umepinda, kichwa ni punje ya choroko. Mama Kadibodi humtembeza kwa kibanio kutoka getini hadi jikoni, chooni na kitandani. Bibi akikwama, mchoro unarudi kwa mchoraji, na mchoraji huyo, mara nyingi mno, nilikuwa mimi. Bibi wenyewe wako wawili: mkubwa wa mifano mikubwa, na mdogo, nusu yake, wa mifano midogo. Kila mmoja hulala kwenye kiberiti chake.

Miaka kumi na miwili iliyopita tulipata kazi ya fundi cherehani mwenye kiwanja chembamba cha mita nne, kilichobanwa na maghorofa mawili. Aliishi na mama yake mzazi, aliyetembelea magongo. Niliichora nyumba ile kwa mbwembwe zangu zote, vyumba vimepangwa kando ya korido moja ndefu, na Bibi akapita bila kugusa ukuta. Tukashangilia. Msingi ukachimbwa, zege likapangwa kumwagwa Jumatatu, na mkuu, aliyekwisha kualika waandishi wa habari, akatangaza kwamba atakayeichelewesha nyumba ile aanze kutafuta kazi kwingine.

Alhamisi, akipangusa meza, Mama Kadibodi alifungua kiberiti cha Bibi mkubwa akamkuta amelala humo humo. Aliyetembea kwenye mfano wetu mkubwa alikuwa Bibi mdogo. Yaani nyumba ya mama mtu mzima tulikuwa tumeipima kwa kimo cha mtoto anayejifunza kutembea.

Alinionyesha mimi kwanza. Na hapa naandika jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu: nilimwambia anyamaze. Nilimkumbusha kwamba ni mjane, watoto wake watatu wa mwisho bado wako shuleni, na kwamba yule mama atazoea tu. Alinitazama, akavua aproni, akasema, "Nikinyamaza, yule mama atagonga ukuta kila siku, na ukuta huo utakuwa wangu."

Akaingia kwa mkuu bila kupiga hodi. Akachora kwa chaki sakafuni mistari miwili yenye upana wa korido yangu, akampa mkuu mafagio mawili yawe magongo, akamwomba apite. Mkuu hakufika hatua ya tatu. Alisimama pale, tai imepinda, mafagio makwapani, kisha akaomba simu akasimamisha zege. Hakumfukuza mtu. Alimpa Mama Kadibodi siku kumi.

Siku ya kwanza aliikata korido yote akaitupa. Kuta za ndani za mfano akazipachika kwenye spoku za baiskeli zilizolazwa kama reli, zikawa zinasogea: mchana chumba cha kushonea, jioni sebule, usiku chumba cha mama, kila kimoja kwa upana wote wa kiwanja. Mimi nilichora nilichoambiwa. Leo wanafunzi wa usanifu huja kuipiga picha nyumba ile, na jina kwenye mchoro ni langu, lakini wazo ni lake. Yule mama aliishi humo miaka tisa, akisogeza kuta mwenyewe kwa ncha ya gongo.

Jana Mama Kadibodi alisafisha meza yake. Taa na visu aliwagawia vijana. Viberiti viwili aliniwekea mimi, mimi niliyemwambia anyamaze. Nimevifungua mara nne tangu asubuhi kuhakikisha kila Bibi yuko kwake.

Asante, Mama Kadibodi. Siku nitakayokosea, nitaingia kwa mkuu kama ulivyoingia wewe, bila hodi. Sote hapa tunakuombea siku nyingi, magoti mazima, na nyumba isiyokubana popote.